Waliandika katiba juu hawakuaminiana

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, kwenye mfululizo wetu wa mazungumzo juu ya katiba za inchi zingine

 

Leo ni zamu ya Marekani. Tunajua namna munawaza mukisikia jina hilo. Wengine wanawaza visa, wengine wanawaza dola, wengine wanawaza Lumumba na wanakunja uso. Lumumba tutafika kwake, musiwe na haraka. Lakini kwanza tuisome karatasi yenyewe, maana kwenye kila kona watu wanaongea juu ya demokrasia ya Wamarekani, na wachache sana wamekwisha kuona ata ukurasa moja. Na si ndefu! Ile waliyotia sahihi tarehe 17 Septemba 1787 iko na vifungu 7 tu, iliandikwa kwenye kurasa nne kubwa za ngozi. Yetu ya 2006 iko na vifungu 229. Kwa hiyo musiambiwe kama ni jambo la waprofesa peke yao.

Tuanze na woga. Ndiyo, woga. Wale watu walikuwa na woga aina mbili, na tunafikiri kila kijana wa inchi hii anazijua zote mbili.

Woga wa kwanza ulikuwa wa mfalme. Makoloni 13 yalikuwa chini ya Uingereza. Mfalme na bunge lake kule London walikuwa wanawalipisha kodi bila wao kuwa na mbunge ata moja mule, na askari walitumwa kukaa kwenye miji yao. Tarehe 4 Julai 1776 wakatangaza uhuru. Ndani ya tangazo lile waliweka wazo ambalo wakati ule lilikuwa kama kutupa jiwe kwenye kioo: kwamba leta haipati uwezo wake toka kwa Mungu wala toka kwa ukoo, inaupata kwa raia wenyewe kukubali, na kama leta inaharibu haki za raia, raia wako na haki ya kuibadilisha. Aliyeandika sehemu kubwa ya maneno yale, Thomas Jefferson, aliandika pia kama watu wote wameumbwa sawa. Na nyumbani kwake Virginia, katika maisha yake yote, alimiliki watumwa zaidi ya 600. Mushike jambo hilo mkononi, tutalirudilia.

Woga wa pili ulikuja nyuma ya ushindi. Juu waliogopa mfalme sana, walitengeneza leta isiyo na nguvu kabisa. Mkataba wao wa kwanza, ulioanza kufanya kazi mwaka 1781, haukuipa leta haki ya kukata kodi. Ilikuwa inaomba tu majimbo: tafazali, mutume franga. Majimbo yanatuma kidogo, ao hayatumi. Kubadilisha neno moja ilihitaji majimbo yote 13 yakubali; jimbo dogo la Rhode Island lilikataa kodi ya bidhaa zinazoingia, na mambo yakaishia pale. Prezida hakuna. Tribinali ya inchi nzima hakuna.

Munajua kilichofuata, juu munaishi kwenye inchi ambako askari anajua maana ya mshahara usiofika. Mwezi wa 6 mwaka 1783, askari wasiolipwa walizunguka nyumba ya wabunge kule Philadelphia na bunduki zao. Wabunge wakakimbilia mji mdogo wa Princeton. Bunge la inchi iliyoshinda mfalme, linakimbia askari wake yenyewe! Kisha mwaka 1786, kule Massachusetts, wakulima wenye madeni, wengi wao walipigana vita ya uhuru, wakaanza kufunga milango ya tribinali ili kesi za madeni zisisikilizwe. Moja kati ya viongozi wao aliitwa Daniel Shays. Matajiri walilipa wenyewe jeshi la kuwazima, maana leta haikuwa na kitu.

Basi swali waliloenda nalo Philadelphia mwezi wa 5 mwaka 1787 lilikuwa hili: namna gani kutengeneza leta yenye nguvu ya kulipa askari, lakini isiyoweza kumeza raia? Tukae kidogo kwenye swali hilo, juu wengi wanafikiri katiba ni orodha ya ahadi nzuri. Hapana. Katiba ni jibu la swali hilo.

Walikuwa wanaume 55, weupe wote, wengi matajiri, wengi na watumwa. Rhode Island haikutuma mtu. George Washington alikalia kiti. Walifanya kazi kwa siri miezi karibu ine, wakati wa joto, madirisha yamefungwa ili watu wa nje wasisikie. Sisi hatupendi siri ile, tuseme wazi. Katiba ya raia wote iliyopikwa chumbani. Tunachokijua kwa sehemu kubwa kinatoka kwenye daftari la James Madison, aliyekuwa anaandika kila siku, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1840 tu, wakati yeye amekwisha kufa. Mwisho wa kazi, 39 walitia sahihi. George Mason wa Virginia alikataa, juu haki za raia hazikuandikwa mule.

Jibu lao njo hili. Hawakutafuta mtu muzuri wa kumpa uwezo. Walikubali tangu mwanzo kama watu wazuri ni wachache na kama ata mzuri anaharibika akikaa pale juu. Wakaukata uwezo vipande vitatu: bunge, prezida, tribinali. Lakini kukata peke yake haitoshi, inchi nyingi zimekata kwenye karatasi. Ujanja uko kwenye namna walivyofunga kamba kati ya vipande vile, kila kimoja kinashika mkia wa kingine.

Angalia pesa na bunduki. Prezida njo mkuu wa jeshi. Lakini hana franga: pesa zote zinatoka bungeni. Na bunge lenyewe, kwa jeshi la inchi kavu, haliwezi kutoa pesa za zaidi ya miaka miwili kwa mara moja. Juu ya nini miwili? Juu nyumba ya chini ya bunge inachaguliwa kila miaka miwili. Maana yake, kila jeshi linapotaka kuendelea kula, kuna wabunge wapya wametoka kwa raia sasa hivi, na wanaweza kuuliza: pesa za mwisho zilienda wapi? Kutangaza vita pia ni kazi ya bunge, ingawa kwa hiyo maprezida wamekwisha kuzoea kupitia dirisha; mara ya mwisho bunge lao kutangaza vita rasmi ilikuwa 1942, na tangu pale munajua vita ngapi wamepigana.

Bunge likipitisha sheria, prezida anaweza kuikataa. Bunge likipata theluthi mbili kwenye kila nyumba, sheria inapita bila yeye. Prezida anachagua majuji wa tribinali kubwa na mawaziri, lakini Seneti lazima ikubali. Na juji akikwisha kukaa, hakuna wa kumtoa isipokuwa kwa mashitaka mbele ya Seneti, na mshahara wake hauwezi kupunguzwa. Kifungu kile cha mshahara kinaonekana kidogo. Si kidogo. Tuonyeshe kwa mfano.

Mwezi wa 6 mwaka 1972, watu watano walikamatwa usiku ndani ya biro za chama cha upinzani, kwenye jengo la Watergate, Washington. Prezida Richard Nixon alisema hajui kitu. Mwezi wa 11 alichaguliwa tena, na alishinda majimbo 49 juu ya 50. Hebu muwaze: mtu ameshinda karibu inchi nzima, yuko na jeshi, yuko na wapelelezi. Kwetu tungesema imekwisha. Lakini kamati ya Seneti ikaanza kuuliza maswali, mbele ya televizyo, na mwaka 1973 ikagundua kama ndani ya biro ya prezida kulikuwa mashine iliyokuwa inarekodi mazungumzo. Mwendesha mashitaka akaomba kanda zile. Nixon akakataa: hizi ni siri za prezida. Jambo likafika kwenye tribinali kubwa.

Tarehe 24 Julai 1974 majuji walitoa jibu: 8 kwa 0, atoe kanda. Aliyeandika uamuzi ule ni mkubwa wa tribinali, Warren Burger. Nani alimweka Burger kwenye kiti kile? Nixon mwenyewe. Na wengine wawili kati ya wale 8 pia aliwaweka yeye. Waliweza kumwambia hapana mtu aliyewapa kazi, juu hakuweza kuichukua tena, wala kukata mshahara wao, wala kuwatuma kwenye mji wa mbali. Kanda zikatoka, watu wakasikia kama alisaidia kuzuia uchunguzi. Wakubwa wa chama chake yeye mwenyewe wakaenda kumwambia: kwenye Seneti hauna tena kura za kukuokoa. Tarehe 9 Agosti akaondoka. Hakuna risasi, hakuna kifaru barabarani. Siku 16 tu toka uamuzi.

Tusimpambe mtu: mwezi moja nyuma, Gerald Ford aliyemfuata alimsamehe, na Nixon hakuona ata mlango wa gereza. Wengi walikasirika, na sisi pia tunaona walikuwa na haki ya kukasirika.

Kuna mambo mengine ya mpango ule tutapita haraka. Nyumba mbili za bunge: majimbo makubwa yalitaka wabunge kufuatana na wingi wa watu, madogo yalikataa kumezwa, wakapatana kwamba nyumba moja ifuate wingi na ingine kila jimbo liwe na maseneta wawili. Leo California, yenye watu karibu milioni 39, iko na maseneta wawili, na Wyoming, isiyofikisha watu 600,000, iko na wawili vilevile. Haki ao si haki? Wao wenyewe bado wanabishana. Pia prezida hachaguliwi moja kwa moja na raia. Anachaguliwa na wajumbe 538 wa majimbo, na ndiyo maana mwaka 2000 na mwaka 2016 aliyepata kura nyingi za raia alikosa kiti. Hiyo kitu musituombe kuitetea.

Sasa turudie jambo tuliloshika mkononi. Katiba ile inaanza kwa neno «sisi», kwa jina la watu. Nani alikuwa ndani ya «sisi» ile?

Si watumwa. Mabwana wa kusini walitaka watumwa wao wahesabiwe wakati wa kugawa viti vya bunge, lakini wasipige kura. Wakapatana: watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Kwa hiyo mtumwa alikuwa anamwongezea bwana wake uwezo bungeni, uwezo wa kumshika vizuri zaidi. Waliandika pia kama biashara ya kuleta watumwa haitaweza kukatazwa mbele ya mwaka 1808, na kama mtumwa akikimbilia jimbo lingine atarudishwa. Na mule mwote neno «mtumwa» hamuna. Waliona haya kuliandika, hawakuona haya kulifanya.

Wenye asili ya inchi ile nao hawakuwa ndani. Mwaka 1832 tribinali kubwa iliamua kama jimbo la Georgia haliwezi kuweka sheria zake juu ya inchi ya Wacherokee. Uamuzi muzuri kabisa, kwenye karatasi. Georgia ikaupuuza, prezida Andrew Jackson hakuusimamisha, na mwaka 1838 Wacherokee wakafukuzwa kwa nguvu ya jeshi kwenda mangaribi. Maelfu walikufa njiani. Tribinali haina askari. Mwaka 1957, gavana wa Arkansas alipoweka askari kuzuia watoto 9 weusi kuingia shule ya Little Rock, prezida Eisenhower alituma jeshi la inchi kuwafungulia mlango. Mara moja mkono ulisogea, mara ingine haukusogea. Uwezo wa majuji ulikuwa uleule mwaka 1832 na mwaka 1957.

Utumwa ulikwisha kwa vita ya 1861 hadi 1865, wafu zaidi ya 600,000. Nyuma yake marekebisho matatu: la 13 lilikomesha utumwa, la 14 likawapa uraia na ulinzi sawa wa sheria, la 15 mwaka 1870 likasema kura haiwezi kukatazwa juu ya rangi. Imeandikwa, imepigwa muhuri. Na kwa miaka karibu 100, kusini, mtu mweusi akienda kujiandikisha anapewa mtihani usio na jibu, ao anafukuzwa kazi, ao anauawa. Tarehe 7 Machi 1965, kule Selma, Alabama, watu karibu 600 walianza kutembea kudai kura. Mbele yao alikuwa John Lewis, mwaka wake wa 25 wa kuzaliwa, mkubwa wa muungano wa wanafunzi. Polisi waliwapiga kwenye daraja, wakamvunja Lewis fuvu. Mwezi wa 8 sheria ya kura ikatiwa sahihi. Rekebisho la 15 halikubadilika ata herufi moja kati ya 1870 na 1965.

Na sasa Lumumba, tuliahidi.

Mwezi wa 9 mwaka 1960, mtaalamu wa kemia wa CIA alifika Léopoldville na sumu. Sumu ile ilikuwa ya Patrice Lumumba, waziri wa kwanza aliyetoka kwa bunge la Wakongomani lililochaguliwa. Haikutumiwa. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, mikononi mwa wakubwa wa Katanga, na maofisa wa Ubelgiji walikuwa pale. Lakini nia ilikuwapo. Wapi zilikuwa kamba zote tulizowaeleza? Bunge la Marekani halikuulizwa kwa kura. Juji hakusikia. Mkongomani hakuwa na seneta kule Washington wa kumpigia kelele. Uwezo uliofungwa pande zote nyumbani kwao ulifika kwetu bila kamba.

Tunajua namna gani habari ya sumu? Mwaka 1975, nyuma ya mambo ya Nixon, kamati ya Seneti yenye kuongozwa na Frank Church wa Idaho ilifungua mafaili ya CIA na kuchapisha ripoti, majina ya viongozi waliotaka kuwaua yamo, la Lumumba pia. Walitoa uchafu wa leta yao wenyewe mbele ya dunia nzima. Miaka 15 imechelewa, na kwa Lumumba haikusaidia kitu. Sisi tunayaweka mambo hayo mawili pamoja, na hatutaki mutu atulazimishe kuchagua moja.

Wengi mumetuuliza juu ya mihula. Katiba ya 1787 haikuweka mpaka. Washington aliondoka mwaka 1797 kisha mihula miwili kwa mapenzi yake, na waliomfuata wakaheshimu desturi ile, mpaka Franklin Roosevelt, aliyechaguliwa mara ine: 1932, 1936, 1940, 1944. Alikufa kazini mwaka 1945. Na alikuwa mtu aliyependwa! Lakini nyuma yake walisema desturi haitoshi, na rekebisho la 22, mwaka 1951, likaandika: kuchaguliwa mara mbili, basi. Kwetu, kifungu cha 220 kimekwenda mbali zaidi, hesabu ya mihula na urefu wake haviwezi kuguswa na rekebisho lolote. Wao hawana kufuli kama ile. Wako na mlima: theluthi mbili za kila nyumba ya bunge, kisha robo tatu za majimbo, ni kusema 38 juu ya 50. Katika miaka zaidi ya 230 wamepita mara 27 tu, na mara 10 za kwanza zilipita pamoja mwaka 1791. Njo zile haki ambazo George Mason alikuwa anadai: kusema, kuandika, kukusanyika, kusali, kutokamatwa ovyo.

Rekebisho la 27 tumeliacha kwa mwisho makusudi. Linasema wabunge wakijiongezea mshahara, nyongeza haiingii mpaka uchaguzi upite kwanza. (Tumesikia kicheko. Tunaelewa.) Madison alilitoa mwaka 1789, majimbo machache yakalikubali, halikufikisha hesabu, likasahauliwa. Lakini hakuna aliyeliwekea tarehe ya mwisho. Mwaka 1982 mwanafunzi wa chuo kikuu kule Austin, Texas, anaitwa Gregory Watson, alilikuta akitafuta kichwa cha kazi ya shule. Akaandika kama lingali hai. Mwalimu akampa pointi ya C, kwake wazo halikusimama. Watson akaanza kuandika barua kwa wabunge wa majimbo, moja moja. Maine ikakubali mwaka 1983. Kisha Colorado mwaka uliofuata. Wengi hawakumjibu. Aliendelea miaka kumi, na mwezi wa 5 mwaka 1992 hesabu ikafika. Miaka 202 kisha Madison, likaingia kwenye katiba.

Mwaka 2017 chuo kikuu chake kilibadilisha pointi ile, toka C mpaka A.

Tumemaliza kwa upande wetu. Maikro inapita sasa, tuanze na wadada wa pale nyuma.